Akili, Moyo na Mawazo: Historia ya Istilahi za Afya ya Akili, na Wanachuo wa Rungwe

Istilahi "afya ya akili" imekwisha kuzoeleka maofisini. Imo katika jina la sheria ya mwaka 2008, imo katika mabango yatundikwayo kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1992, na imo katika hotuba za viongozi. Kwa kipimo cha ofisini ni istilahi iliyofaulu: ni fupi, maneno yake yajulikana na kila mtu, na haivunji sarufi. Lakini istilahi hupimwa pia kwa kuangalia nani aisikiaye na huisikiaje. Katika makala haya tunakusudia kuipima mbele ya hadhira moja tu, nayo ni wanachuo, hasa wale wa vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso wilayani Rungwe. Wilaya hiyo tumeichagua kwa sababu mbili. Vyuo vyake hupokea vijana wa makabila mengi, ambao hawana lugha nyingine ya kuelezana machungu yao isipokuwa Kiswahili. Tena, ni wilaya chache katika Tanzania ambazo fikra za wenyeji wake juu ya huzuni, wazimu na ujirani ziliandikwa kwa kirefu kama zilivyoandikwa za Wanyakyusa katika miaka ya 1930.

Neno "akili" tumelipata kutoka Kiarabu, na katika safari yake limekusanya maana nyingi. Akili ni utambuzi, ni busara, ni ujanja, tena ni uwezo wa kushika masomo. Mtoto "ana akili" maana yake anafaulu darasani. "Hana akili" maana yake ni mjinga au mzembe. "Akili zake si nzuri", kwa sauti ya chini, maana yake ni kichaa. Maana hizi tatu hulala chumba kimoja, na aiamshaye moja huziamsha na nyingine. Kwa mkulima wa chai wa Katumba jambo hili si zito sana, kwani hakuna ampimaye akili yake kila mwisho wa muhula. Kwa mwanachuo ni zito mno. Akili ndiyo mtaji wake. Ndiyo iliyomtoa kijijini kwao na ndiyo atakayoajiriwa kwayo. Kumwambia kijana huyo kwamba pengine ana "tatizo la akili" ni sawa na kumwambia mshonaji kwamba macho yake yamekufa.

Msomaji aweza kujibu kwamba tangazo la chuoni halisemi "tatizo", lasema "afya". Ni kweli. Lakini hakuna aendaye kutafuta afya ya macho isipokuwa macho yanamsumbua, na wenziwe wamwonapo akielekea huko hulijua hilo vizuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huo humlaumu mfichaji peke yake. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya maneno yatupasa kuuliza kama jina la maradhi halikumsaidia kuficha.

Tuanze na maneno yaliyotangulia. "Wazimu" latokana na shina lile lile la mzimu na mizimu, na mwendawazimu ni mtu ambaye vitu visivyoonekana vimemtwaa. Pamoja nalo tunalo "kichaa", "wehu", "punguani", na katika lugha ya pwani "majinuni". Orodha ni ndefu, lakini maneno yote hayo humtaja mtu aliyekwisha kuvuka mto. Hakuna hata moja limtajalo aliyesimama ukingoni. Upande wa pili lugha yetu ina utajiri mkubwa wa maneno ya uchungu usio wazimu: huzuni, simanzi, majonzi, ghamu, kihoro, jakamoyo. Maneno haya nayo yalikuwa mali ya washairi na ya wafiwa. Hakuna aliyekwenda kwa mganga akasema ana ghamu, wala mganga hakuwa na dawa ya jakamoyo. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na maghala mawili, moja la maradhi na moja la majonzi, wala hapakuwa na mlango baina yake. Shida yote ya istilahi za leo, kwa maoni yetu, imo katika ukuta huo.

Utawala wa kikoloni ulilichukua ghala la kwanza peke yake. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamefungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea hapo wagonjwa wa akili. Waingereza walijenga hospitali ya Mirembe huko Dodoma mwaka 1927, na karibu yake pakawa Isanga, mahali pa wale walioletwa kwa njia ya mahakama. Kazi kubwa ya mahali pa namna hiyo, wakati huo, ilikuwa kuwaweka watu mbali na wenzao. Basi haikuchukua muda jina la mahali likageuka tusi. Hata leo, kijana anayesema ovyo bwenini huambiwa apelekwe Mirembe, naye anayemwambia huenda hajapata kufika Dodoma maishani mwake. Wenzetu wa Nairobi wamelifanyia hivyo jina la Mathari, na wale wa Kampala jina la Butabika. Jambo hili lawahusu watafsiri, kwa sababu laonyesha kwamba unyanyapaa hauondoki kwa kubadili neno tu: jina la mahali, ambalo lenyewe halikuwa na ubaya wowote, lilichafuliwa na kazi iliyofanyika hapo.

Ziko pia athari za kisheria. Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 hutaja kuwa na ugonjwa wa akili miongoni mwa sababu ambazo Bunge laweza kuzitungia sheria ya kumzuia raia asipige kura. Hatusemi kwamba mwanachuo aliyekosa usingizi wiki mbili ndiye aliyekusudiwa na waandishi wa Katiba. Ni dhahiri kwamba siye. Lakini yeye atajuaje? Neno ni lile lile. Na kijana anayetarajia kuandikishwa katika utumishi wa serikali huogopa kila neno liwezalo kuandikwa katika jalada lake.

Sasa twende Rungwe yenyewe, tuanze na wakati kabla vyuo hivi havijakuwako. Wamoravian walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891. Wajerumani waliijenga boma yao Tukuyu wakaipa jina la Neu-Langenburg, na Waingereza baada yao wakalirudisha jina la wenyeji. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walikaa wilayani humo mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, wakijifunza maisha ya Wanyakyusa kwa lugha ya Kinyakyusa. Miongoni mwa waliowasaidia alikuwamo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani, aliyefariki mwaka 1938 angali kijana. Watafsiri wasomao gazeti hili wamkumbuke. Vitabu vilivyokuja kusifiwa vyuo vikuu vingi vya dunia vilipitia kwanza masikioni na vinywani mwa watu kama yeye, waliotafuta Kiingereza cha maneno ambayo Kiingereza hakikuwa nayo.

Mambo ya msiba ndiyo yaliyowashughulisha sana wachunguzi hao. Mwaka 1939 Godfrey Wilson alichapisha makala juu ya desturi za mazishi za Wanyakyusa, akaeleza jinsi wanawake walivyolia na wanaume walivyocheza ngoma na mikuki yao, na jinsi ngoma hiyo ilivyoanza kwa hasira na uchungu ikamalizikia kwa uchangamfu. Huzuni ilipewa mahali, ikapewa muda, ikapewa na viungo vya mwili vya kuitoa. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya mila za ukoo, alieleza kwamba kila alipouliza kwa nini mila za baada ya kifo zilishikwa kwa uangalifu mkubwa namna ile, jibu lililorudi mara kwa mara lilikuwa kwamba asiyetimiziwa mila hizo angeweza kupatwa na wazimu. Tulitazame jibu hilo kwa macho ya mwanaistilahi. Wanyakyusa hao walikuwa na mlango ambao Kiswahili cha ofisini hakikuwa nao: msiba na wazimu vilikuwa barabara moja, na mila zilikuwa kizuizi kilichowekwa katikati ya barabara hiyo. Si lazima tuamini maelezo yao juu ya mizimu ndipo tuone kwamba walikuwa wamemfikiria aliyesimama ukingoni.

Haifai kulipita kimya jambo moja. Godfrey Wilson mwenyewe alisumbuliwa na sonona, na mwaka 1944, akiwa katika utumishi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijitoa uhai. Vitabu vikubwa juu ya Wanyakyusa, kuanzia kile cha mwaka 1951, viliandikwa na mkewe peke yake kutokana na daftari za wote wawili. Yule aliyeandika jinsi kijiji kizima kinavyomsaidia mtu kuutoa msiba moyoni alifia mbali na kijiji kile. Elimu nyingi haikumkinga. Na wako wakufunzi, tena wema, ambao mpaka leo hudhani kwamba msomi hapatwi na mambo haya.

Kitabu hicho cha 1951 kilihusu vijiji vya marika, na hapo ndipo habari ya Wanyakyusa inapowakaribia sana wanachuo. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi waliondoka nyumbani kwa wazazi wao, wakajijengea vibanda pamoja na wenzao wa rika lao. Walirudi kulima mashamba ya baba zao na kula vyakula vya mama zao, lakini walilala na kuzungumza wao kwa wao. Mazungumzo hayo, ule ushirika mwema wa watu walio sawa, huitwa kwa Kinyakyusa "ukwangala". Na iliaminiwa kwamba ni kwa njia ya ukwangala mtu hupata "amahala", yaani busara, utambuzi, au, kama tutakavyo kutafsiri, akili.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Kwa fikra hiyo akili si kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kichwani kikapimwa kwa mtihani. Ni kitu kinachoota baina ya watu. Aliyejitenga na wenzake hupungukiwa akili kwa sababu ya kujitenga, na dawa yake ya kwanza ni kurudishwa barazani. Laiti neno letu "akili" lingekuwa na maana hiyo, "afya ya akili" isingemtisha mwanachuo yeyote.

Lakini tusiipambe habari hii kupita kiasi, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi waandikapo juu ya mila. Ujirani huo ulikuwa na makali yake. Wanyakyusa walisema pia juu ya "imbepo sya bandu", pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani waliokasirishwa na mwenendo wa mtu yaliweza kumpanda kama baridi na kumtia maradhini. Mtu mwenye kiburi, au anayekula peke yake na kukaa peke yake, aliweza kushukiwa uchawi. Sasa mwenye sonona ndiye hasa akaaye peke yake. Kwa hiyo jamii iliyokuwa na dawa bora ya upweke ilikuwa pia na adhabu kali kwa mpweke. (Wanaopenda asili za maneno wataona kwamba "imbepo" ni ndugu wa "upepo", "pepo" na "mapepo" ya Kiswahili, baridi, pumzi na roho zimechanganyika katika shina hili tangu zamani sana.)

Vijiji vya marika vilikuwa vikififia tayari katika miaka ya 1950. Siku hizi, ukitafuta mahali wilayani Rungwe ambapo vijana wa rika moja hulala pamoja mbali na wazazi wao, utapelekwa kwenye mabweni. Ila tofauti ni kubwa. Kijana wa kijiji cha rika alikuwa na mama yake umbali wa kutembea kwa mguu. Mwanachuo aliyetoka Lindi au Shinyanga huifikia Tukuyu akiwa hana jamaa, akakutana na mvua izidiyo milimita 2,000 kwa mwaka, na baridi ya mwezi wa Juni na Julai ambayo kwao haipo. Kisha yupo baina ya watu ambao ni wenziwe na ni washindani wake pia. Ana karo ya kulipa, ana mazoezi ya kufundisha mbele ya watoto sitini au zaidi, na ana wasiwasi wa ajira baada ya kufuzu, wasiwasi ambao wanachuo wa miaka ya 1970 hawakuujua, kwani mwalimu wa wakati ule alijua kwamba shule inamngoja. Wenyeji humsalimu "ugonile", salamu ambayo kwa asili ya neno lake huuliza kama umelala. Daktari wa magonjwa ya akili naye huliuliza jambo hilo hilo mapema. Mwanachuo mgeni hujifunza salamu hiyo katika siku yake ya kwanza. Kwa kawaida hakuna amwelezaye kwamba ni swali.

Hapo awali tulisema kwamba jina la maradhi laweza kumsaidia mtu kuficha. Laweza pia kuwafumba macho watazamaji. Mfano ulio wazi zaidi si wa Rungwe, ni wa upande wa pili wa nchi, lakini ni wa wanafunzi wa bweni na unafundisha mengi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wilaya ya Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Hali hiyo ilienea vijijini walikorudi, na katika shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip, walioichunguza na kuandika taarifa yake mwaka 1963, walipima damu na chakula, wasione sumu wala vijidudu. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, na jina hilo likaenda duniani kote. Hata leo kisa cha Kashasha husimuliwa kama kichekesho. Taarifa yenyewe husema mambo mengine. Wasichana hao walicheka na pia walilia. Walikuwa na hofu, walihangaika, walikimbia, na wengine hali hiyo iliwashika kwa siku kadhaa. Kucheka kulikuwa dalili moja tu, lakini ndiyo iliyopata jina. Lau ugonjwa ungeitwa "ugonjwa wa kulia", tunadhani maswali yaliyoulizwa juu ya hali ya maisha ya shuleni yangalikuwa mengine.

Tangu hapo matukio ya wasichana kuanguka na kupiga kelele mabwenini yametokea shule nyingi nchini, na neno linalotumika ni "mapepo". Likishatamkwa, huitwa watu wa maombi, na wakati mwingine waganga wa jadi, na anayeshukiwa kuwa ndiye chanzo huanza kuandamwa. "Imbepo sya bandu" limerudi kwa Kiswahili, tena bila wazee waliokuwa wakilitawala.

Huduma za serikali nazo zilikuwa zikibadilika, ingawa polepole. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 palianzishwa vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliotoka hospitali waliishi na kulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa ulijaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ili matibabu yapatikane katika zahanati na vituo vya afya badala ya kungojwa Mirembe. Hapo ndipo "mgonjwa wa akili" lilipochukua nafasi ya "kichaa" katika maandishi ya watumishi wa afya, na hiyo ilikuwa hatua ya maana: mtu alipata kuwa mgonjwa, na mgonjwa hupona. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliifuta ile ya zamani iliyokuwa ya magonjwa ya akili. Kutoka "magonjwa" hadi "afya" ni badiliko la neno moja, lakini lilifungua mlango kwa watu ambao si wagonjwa. Lililobaki bila kuguswa ni hilo neno la pili.

Je, palikuwa na neno jingine? Waarabu, ambao kwao tulilitoa neno "akili", wao wenyewe katika habari hii hawalitumii. Husema afya ya nafsi. Nasi tulipata kuwa na pendekezo la namna hiyo: "elimunafsi" kwa maana ya saikolojia, neno lililoundwa vizuri kabisa. Halikushika. Wanafunzi wa ualimu husoma saikolojia, na "nafsi" kwao ni nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika sarufi, au ni neno la mahubiri. Hatuoni faida ya kulifufua sasa. "Afya ya moyo" nayo haiwezekani, ingawa ndiyo ingalikuwa karibu zaidi na semi zetu (kuvunjika moyo, kujipa moyo, moyo mzito), kwa sababu daktari wa moyo yupo na mgonjwa angepelekwa kupimwa shinikizo la damu.

Lipo hata hivyo neno moja ambalo watu walilichagua wenyewe kabla ya wanaistilahi kuamka, nalo ni "mawazo". Mtu hasemi "nina huzuni ya muda mrefu". Husema "nina mawazo". Humwambia jirani, humwambia mwajiri, tena bila aibu, kwa sababu kuwa na mawazo si kukosa akili. Huenda ni kuwa nayo kupita kiasi. Ndiyo maana "msongo wa mawazo" ilienea upesi hivi, wakati istilahi nyingine za fani hiyo hiyo zimelala katika orodha. Iliambatana na usemi uliokwisha kuwako, na kitenzi "songa" kila mtu anakijua tangu jikoni. Vijana wengine husema "stresi", na hatuna haja ya kugombana nao; lakini msongo wa mawazo husemwa na mpishi wa chuo pia, na hilo ndilo tulitakalo.

"Sonona" imefuata njia iliyo karibu na hiyo. Kusononeka na masononeko ni maneno ya kawaida. Kwa kufupisha tumepata jina la ugonjwa, na msikilizaji hulitambua hata kama hajapata kulisikia. Tunalipendelea kuliko "unyogovu", litumikalo katika tafsiri nyingi za siku hizi na ambalo mtu wa Tukuyu hana pa kulishikia. Ni lazima hata hivyo mipaka ichungwe. Sonona ni maradhi yenye dalili zake na muda wake, na anayefeli somo moja akahuzunika siku tatu hana sonona. Kadhalika "wasiwasi": katika lugha ya kila siku ni shaka ndogo tu, na daktari alitumiapo kwa maana ya ugonjwa, mgonjwa humwona kama anayepuuza. Hapa istilahi bado haijatulia.

Ama kuhusu mahali pa kupata msaada, historia yake ni fupi lakini ina mtego. Neno "ushauri nasaha" lilienea nchini kwa sababu ya UKIMWI, likaambatana na upimaji wa hiari. Kwa hiyo mlango wenye maandishi hayo ulikuwa na maana moja tu kwa wapita njia, na mwanachuo aliyeingia alitoka na sifa asiyoitaka. "Unasihi", na mtendaji wake "mnasihi", ni maneno safi zaidi, nayo yamo sasa katika mwongozo wa Wizara ya Elimu wa ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto, uliokusudiwa shule na vyuo vya ualimu. Yana ugeni kidogo, lakini ugeni huo ni heri: bado hayajatiwa doa na kazi yoyote. Uchaguzi wa mnasihi uangaliwe basi. Ikiwa ni yule yule mkufunzi wa nidhamu aandikaye barua za kusimamisha masomo, neno "mnasihi" litakwenda njia ya Mirembe kabla ya miaka mitano.

Limebaki suala la "kujitunza", neno ambalo vipeperushi vya wanachuo hulitumia sana kwa maana ya mtu kuangalia usingizi wake, chakula chake, mazoezi na mapumziko. Watafsiri wengi hudhani halina matata. Lakini msichana wa Kitanzania amelisikia neno hilo tangu utotoni kwa maana nyingine: binti aliyejitunza ni yule asiyejuana na wanaume. Anapoambiwa katika ukumbi wa chuo kwamba ajitunze, anasikia onyo la shangazi yake. "Kujihudumia", lililopendekezwa na wengine, humpeleka mtu hotelini akajipakulie wali mwenyewe. "Kujijali" linakaribia, lakini kwa masikio ya wazee lina harufu ya uchoyo, na tumekwisha kuona jinsi Rungwe ilivyomtazama ajijaliye peke yake. Mpaka sasa tunaona afadhali mtafsiri aache kutafuta neno moja, ataje mambo yenyewe: lala saa za kutosha, kula na wenzako, usikae na jambo peke yako. Maneno yanakuwa mengi zaidi, na kipeperushi kinakuwa kirefu kwa mistari miwili.

Kuanzia mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na sheria za zamani zinaendelea kutafsiriwa. Sheria ya mwaka 2008 iliandikwa kwa Kiingereza, na maneno yatakayotumika ndani ya tafsiri yake ndiyo yatakayoingia katika fomu za hospitali, za vyuo na za ajira. Maoni yetu ni kwamba "afya ya akili" ibaki katika jina la sheria na la huduma, kwani imekwisha kuota mizizi. Kwamba ndani ya sheria atofautishwe mwenye msongo wa mawazo na mwenye sonona, na wote wawili na yule ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kuamua mambo yake. Na kwamba katika ubao wa matangazo wa chuo neno "akili" lisitumike kabisa, liandikwe "mawazo", pamoja na jina la mnasihi na saa anazopatikana. Wakufunzi wa Tukuyu, Mpuguso na vyuo vingine wanaombwa watuandikie maneno ambayo wanachuo wao hutumia wanapoelezana hali zao bwenini, yawe ya Kiswahili au ya lugha za kwao, na waeleze kwa kila neno kama husemwa kwa mtu usoni au huachwa mpaka ameondoka.